Nauli ndogo, wiki nzima rehani

Kila ifikapo Septemba, wakati miteremko ya Alpi bado ina majani mabichi na ng'ombe wanaanza tu kuteremshwa kutoka malishoni, sisi tunaoishi Uingereza na kupenda skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, huanza kutafuta tiketi za majira ya baridi. Ni wakati huohuo ambapo mashirika ya ndege ya bei nafuu yaliyodhoofika huwa taabani kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Monarch ilifungwa alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 2017, Primera Air ikafuata mwanzoni mwa Oktoba 2018, na Thomas Cook, kampuni ambayo chimbuko lake ni mwaka 1841, ikaanguka tarehe 23 Septemba 2019. Msimu wetu wa kununua na msimu wao wa kufilisika haukukutana kwa bahati, na anayetarajia kuwa mlimani Februari anapaswa kuielewa sababu yake kabla hajatoa kadi mfukoni.

Shirika la Ulaya linalotegemea wasafiri wa likizo hupata sehemu kubwa ya mapato yake katika majira ya joto, na fedha za tiketi hizo huingia miezi mingi kabla ya ndege kuruka. Kufikia Oktoba hali hugeuka: abiria wa pwani wamekwisha rudi makwao, lakini ankara za mafuta, za kukodi ndege, za viwanja na za huduma ya kuongoza ndege angani bado zinadai kulipwa. Shirika lenye akiba huvuka kipindi hicho bila mtu wa nje kujua. Lisilo na akiba hulipia mafuta yaliyochomwa Agosti kwa fedha ulizotoa wewe kwa ajili ya safari ya Februari. Zaidi ya hapo, mafuta na kodi za ndege kwa kawaida hulipwa kwa dola, ilhali tiketi huuzwa kwa pauni au euro. Monarch iliumizwa na mambo hayo yote kwa pamoja: pauni iliposhuka baada ya kura ya maoni ya mwaka 2016 ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, gharama zake zilipanda, na huku masoko yake ya Tunisia, Misri na Uturuki yakiwa yamevurugwa na mashambulizi na misukosuko ya kisiasa, mashirika yote yalikimbilia Hispania na Ureno na kushindana kwa kushusha nauli.

Kuna mkono mwingine usioonekana, nao ni wa kampuni zinazopokea malipo ya kadi kwa niaba ya shirika. Kampuni hizo zinajua kwamba shirika likianguka, wao ndio watakaorudisha fedha za wateja, kwa hiyo wanapoanza kulitilia shaka huzizuia fedha za tiketi hadi abiria awe amesafiri. Kwa shirika lililokwisha kuishiwa, hatua hiyo ni sawa na kukatiwa pumzi. Flyglobespan ya Scotland iliacha kuruka tarehe 16 Desemba 2009, siku chache kabla ya Krismasi, huku kiasi kikubwa cha fedha za tiketi zake kikiwa bado mikononi mwa kampuni iliyokuwa ikipokea malipo yake ya kadi. Ndiyo maana siamini kabisa kauli ya kwamba ndege zikijaa shirika liko salama. Ndege inaweza kujaa watu na sanduku la fedha likawa tupu.

Njia za skii nazo zina tabia zake zinazoziweka mahali pabaya. Nyumba za kupanga katika vituo vingi vya skii vya Alpi hutolewa kwa wiki nzima, kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi, na kwa hiyo kila mtu anataka kuruka siku ileile, kwenda viwanja vilevile: Geneva, Chambéry, Grenoble, Innsbruck, Salzburg. Katikati ya msimu ndege hupeleka kundi moja na kurudi na jingine. Lakini Jumamosi ya kwanza ya msimu ndege hupaa kwenda Alpi ikiwa imejaa na kurudi tupu, na Jumamosi ya mwisho ni kinyume chake. Faida hutegemea wiki chache za Krismasi, Mwaka Mpya na likizo za shule za Februari, na siku nyingine za wiki ndege hiyohiyo huhangaika kutafuta kazi. Shirika linapoanza kupunguza matumizi, njia ya namna hii huwa miongoni mwa za kwanza kukatwa.

Hadi hapa ninaweza kuonekana kama ninayesikitikia hesabu za wenye ndege, lakini ninachotaka kukieleza ni hesabu ya msafiri. Katika likizo ya skii, tiketi ya ndege ya bei nafuu mara nyingi ndiyo kitu chepesi kuliko vyote. Pango la nyumba ni kubwa kuliko nauli, pasi ya lifti za kupandia mlimani kwa siku sita ni kubwa, ukodishaji wa vifaa ni mkubwa, na mwalimu wa skii kwa watoto ni gharama nyingine peke yake. Vyote hivyo vimening'inia kwenye ile tiketi, na tiketi ikikatika, havirudi. Mtu huchukua saa nzima kulinganisha nauli mbili zinazotofautiana kwa bei ya chakula cha mchana, kisha anaiweka wiki nzima rehani kwa shirika ambalo magazeti ya biashara yamekuwa yakiliandika kwa mwaka mzima kwamba linatafuta mnunuzi.

Mimi na wenzangu tulikwisha kupitia hali hiyo. Shirika tulilonunua kwake lilifungwa wakati kila kitu kilikuwa kimelipwa, na habari tulizipata kwanza kutoka kwa rafiki aliyeziona kwenye simu yake, kwa sababu barua pepe ya shirika lenyewe ilifika baadaye, fupi, ikitutaka tuwasiliane na msimamizi wa ufilisi. Tulipomwandikia mwenye nyumba, alitujibu kwa upole na kwa haki yake: nyumba iko wazi, joto limewashwa, barabara imesafishwa theluji, na mkataba unasema wiki hiyo ni yetu. Ofisi ya lifti ikatoa jibu la aina hiyohiyo. Hakuna hata mmoja aliyetudhulumu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa tayari kutoa huduma aliyoiuza. Aliyeshindwa ni yule ambaye hakuwapo tena wa kudaiwa. Tulinunua tiketi nyingine kwa bei ya siku hiyo, nayo ilikuwa imepanda tayari, kwani abiria wote wa ndege zile walikuwa wakitafuta viti vilevile vichache vya Jumamosi ileile.

Tangu hapo nimeshikilia kwamba kinachomlinda msafiri ni namna alivyonunua kuliko kitu alichonunua. Viti viwili vilivyo sambamba katika ndege moja vinaweza kuwa na watu wawili ambao mmoja atarudishiwa kila senti na mwingine atapata nafasi ya mwisho kwenye orodha ya wadai.

Aliye salama zaidi ni yule aliyenunua kifurushi, yaani ndege na malazi kwa pamoja kutoka kwa mwandaaji mmoja. Nchini Uingereza vifurushi vyenye safari ya ndege hulindwa na mpango wa ATOL, ulioanza miaka ya 1970 na kusimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa kila msafiri, mwandaaji huchangia pauni 2.50 katika mfuko maalumu, na mteja hupewa cheti anapolipa. Shirika la ndege likifa, ni kazi ya mwandaaji kutafuta ndege nyingine au kurudisha gharama yote ya kifurushi, nyumba ikiwamo. Mwandaaji naye akifa, mfuko unachukua nafasi yake. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya vifurushi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2018 inawalazimu waandaaji kuwa na dhamana ya kufilisika. Huko kwenye skii neno kifurushi huwafanya watu wafikirie hoteli kubwa na msururu wa mabasi, lakini siku hizi zipo kampuni ndogo zinazouza nyumba ya watu wanane pamoja na ndege kwa cheti kimoja, na tofauti ya bei na kununua kila kitu kivyake mara nyingi si kubwa kama inavyodhaniwa.

Jihadhari, hata hivyo, na ule mtindo wa kununua tiketi kwenye tovuti ya shirika la ndege, kisha kubofya kiungo kinachokupeleka kwa kampuni nyingine ya malazi. Kwa macho yako umenunua likizo moja. Kisheria unaweza kuwa na mikataba miwili iliyounganishwa kwa uzi mwembamba, ambayo ulinzi wake ni mdogo sana ukilinganishwa na kifurushi. Tafuta cheti. Kama hakuna cheti chenye jina lako, usijifariji.

Anayenunua tiketi peke yake moja kwa moja kutoka kwa shirika hana ATOL. Kinachobaki kwake nchini Uingereza ni kadi ya mkopo na kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974, ambacho kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000. Isome tena hiyo namba ya kwanza. Tiketi ya bei nafuu ya pauni 60 iko nje ya kifungu hicho, na hivyo urahisi wa bei ndio unaokunyima ulinzi. Ukinunua kupitia wakala, uhusiano ambao sheria inautaka kati yako, kadi na muuzaji unaweza pia kukatika. Hapo utategemea utaratibu wa kampuni za kadi wenyewe wa kurudisha malipo ya huduma ambayo haikutolewa, ambao hutumika hata kwa kadi ya kawaida ya benki lakini una muda wake wa mwisho na si haki ya kisheria. Faida ya kifungu cha 75, panapotumika, ni kwamba unaweza kudai pia hasara iliyofuata kutokana na mkataba kuvunjwa, si nauli peke yake, na kwa mtu wa skii hasara iliyofuata ndiyo kubwa.

Bima ya safari haipaswi kudhaniwa. Zipo zinazolipa pale shirika la ndege linapofilisika na zipo zisizolipa, na hata zinazolipa huweza kuliondoa shirika fulani kwenye orodha pindi habari za matatizo yake zinapokuwa za wazi. Ninapofungua kijitabu cha bima siku hizi huanza kutafuta neno kufilisika kabla ya kuangalia ajali za mlimani, na ninaangalia kama bima italipia nyumba na pasi za lifti nisizozitumia, au itanirudishia nauli tu. Pia ninainunua siku ileile ninayonunua tiketi, kwa kuwa bima inayonunuliwa baada ya habari kuenea haina thamani kwa jambo hilo.

Kufilisika si njia pekee ambayo shirika linaloyumba huharibu wiki ya skii. Kabla ya kufika huko, hukonda. Barua pepe inakuja Novemba ikisema kwamba safari yako ya Jumamosi asubuhi imeondolewa na umehamishiwa Jumapili jioni, kana kwamba ni jambo dogo. Kwa msafiri wa mji hilo linavumilika. Kwa aliyepanga nyumba Jumamosi hadi Jumamosi, ni usiku na siku zilizolipiwa bure, na gari la kutoka uwanjani kwenda mlimani ambalo limepotea. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, ambayo Uingereza imeibakiza katika sheria zake, huweka fidia ya euro 250 au pauni 220 kwa safari fupi kama hizi, lakini si pale abiria alipoarifiwa zaidi ya wiki mbili kabla. Haki inayobaki ni ya kuchagua kati ya kurudishiwa nauli na kupewa njia nyingine ya kufika, na hapa ningemsihi kila msomaji asiharakishe kubofya kitufe cha kurudishiwa fedha. Mara nyingi ndicho kinachoonekana kwanza na kwa rangi ing'aayo, na ukishakibofya, mzigo wa kutafuta kiti kingine cha Jumamosi kwa bei ya wakati huo unakuwa wako. Andika, omba njia nyingine, taja safari unayoitaka. Haki hiyo ina nguvu maadamu shirika lina uhai.

Viwanja vya milimani navyo vinaonyesha haraka ni nani mwenye uwezo na ni nani asiye nao. Chambéry iko bondeni, ndege huingia kutoka kaskazini juu ya Ziwa Bourget, na marubani wanahitaji mafunzo maalumu ya kutua hapo. Innsbruck nayo imezungukwa na milima na inajulikana kwa upepo wa kusini uitwao föhn, ambao huitikisa ndege kwa nguvu. Ukungu ukishuka Chambéry, ndege hupelekwa Lyon, abiria huingizwa kwenye mabasi, na ratiba yote ya Jumamosi huchelewa. Shirika lenye ndege za akiba na marubani wa kutosha waliopata mafunzo hayo hujikwamua kufikia jioni. Lililokonda, lenye ndege moja iliyopangiwa safari nne kwa siku, huiacha ya nne bila kuruka. Usalama wenyewe husimamiwa na mamlaka kwa ukali uleule kwa mashirika yote, na sina wasiwasi nao. Ninachokizungumzia ni kufika.

Dalili za shirika linaloelekea kuanguka hazijifichi sana kwa anayetaka kuziona. Hesabu za mwaka huchelewa kutolewa. Ndege zake huuzwa kisha kukodiwa tena kutoka kwa mnunuzi ili fedha ziingie haraka. Hutangaza punguzo kubwa katika wiki ambazo wengine hawapunguzi, kama vile juma la likizo za shule, jambo ambalo kwa kawaida linaonyesha njaa ya fedha taslimu. Kwa Monarch, dalili ilikuwa wazi kabisa: mwishoni mwa Septemba 2016 leseni yake ya ATOL iliongezewa siku 12, na mwaka mmoja baadaye ikaongezewa saa 24 tu. Aliyesoma habari ile ya pili Jumapili, na kuamka Jumatatu, hakuwa na la kushangaa.

Kuhusu mizigo nimefikia uamuzi ambao baadhi ya marafiki wanaupinga. Sisafiri tena na skii zangu ninapotumia shirika nisilokuwa na hakika nalo. Buti ninazibeba mkononi, kwa sababu buti zimeshajifinyanga kwa umbo la mguu na jozi ya kukodi inaweza kukuumiza wiki nzima. Skii zenyewe ninazikodi kituoni. Shirika likianguka na ukalazimika kuhamia ndege nyingine kesho yake, kiti kinaweza kupatikana lakini nafasi ya begi refu la skii isipatikane, au ikapatikana kwa bei inayokaribia ya kiti. Mwenye mkoba wa kujikinga na maporomoko ya theluji, ule wenye mtungi wa gesi, ana kazi zaidi, kwani mkoba huo huhitaji idhini ya shirika linalombeba, na idhini ya shirika lililokufa haihami pamoja naye.

Vilevile napenda kuchagua kituo kinachofikika kwa treni, hata kama ninakwenda kwa ndege. Treni kutoka Paris hufika Bourg-Saint-Maurice, na kutoka hapo kuna reli ya mlimani inayopanda hadi Les Arcs. St. Anton ina stesheni yake katikati ya kijiji, na Zermatt hakufikiki kwa gari la kawaida bali kwa treni. Ndege ikikosekana, njia bado ipo, ingawa ni ndefu na tiketi za dakika za mwisho si rahisi.

Linabaki suala la wale ambao shirika linawafia wakiwa tayari mlimani. Monarch ilipoanguka, serikali ya Uingereza ilikodi ndege za kuwarudisha abiria wake, ambao takriban 110,000 walikuwa nje ya nchi, bila kujali kama walikuwa na ATOL. Kwa Thomas Cook walikuwa zaidi ya 150,000, katika operesheni iliyopewa jina la Matterhorn. Watu wengi wakaamini kwamba huo ndio utaratibu. Sivyo. Flybmi ilipofungwa Jumamosi ya tarehe 16 Februari 2019, mwanzoni mwa likizo za katikati ya muhula kwa shule nyingi na katikati ya msimu wa skii, abiria waliambiwa wajitafutie njia. Flybe ilianguka Machi 2020, ikafufuliwa, ikaanguka tena Jumamosi ya tarehe 28 Januari 2023, na mara zote mbili jibu likawa lilelile.

Mei 2019, jopo lililoundwa na serikali ya Uingereza baada ya Monarch kuanguka, chini ya uenyekiti wa Peter Bucks, lilipendekeza mpango wa kuwarudisha nyumbani abiria wote wa shirika lililofilisika, na likakadiria kwamba gharama yake ingekuwa chini ya senti 50 za pauni kwa kila abiria. Ningeilipa gharama hiyo leo bila kuuliza, na ninaamini kila mzazi aliyewahi kusimama na watoto na mabegi mbele ya dirisha la shirika lililozimwa taa angeilipa pia. Pendekezo hilo lilipotolewa, Flybe ilikuwa bado inaruka.